Kioo Juu ya Ufa

Chokaa niliichoma mwenyewe, nyuma ya Matondoni,
nikaiacha majini miezi minne iive,
na bado ufa ulirudi.
Ulitoka kizingitini ukapanda hadi kwenye zidaka,
mwembamba kama mvi,
katikati ya ukuta ambao mimi na Famau
tuligawiwa mbele ya kadhi:
huku kwangu, huko kwake,
na mama hata arubaini yake haijatimia.

Kadzo alikuwa amepanga chumba cha juu.
Mtaalamu wa miamba, mzaliwa wa Marafa.
Uvunguni mwake masanduku ya mawe ya mviringo, marefu kama mihogo,
yaliyochomolewa kisimani huko bara,
kila moja na namba yake.
Nikamwita: njoo uone, kazi yako imekufuata nyumbani.

Hakucheka. Aliomba chokaa mbichi
na mpira wa ndani wa toroli langu.
Akaukata, akaulaza sakafuni,
akaupaka chokaa unene wa kidole.
Shika huko, vuta.
Polepole, fundi. Kucha inavyoota.

Nikavuta.
Kwanza hapakuwa na kitu. Chokaa ilinyooka, ikakonda,
ikang'aa kidogo, nami nikajisifu.
Halafu ikakohoa.
Nyufa zikatoka sambamba, za mshazari,
vipande vikaegemeana
kama vitabu rafuni kimoja kikichomolewa,
na katikati pakatitia
mtaro ambao hakuna aliyeuchimba.

"Hapo," akasema, "ndipo tulipo."

Bukini ilikuwa hapa, ubavu kwa ubavu na sisi,
nchi moja, kavu, isiyo na jina.
Ikavutwa. Si kwa siku moja, wala si kwa ghadhabu;
mamilioni ya miaka ya kuvutwa tu,
ganda la dunia likikonda kama mtu mwenye siri,
likakatika mapande, mapande yakateleza,
yakashuka hatua hatua kama ngazi ya birika,
hata bahari ikaona mlango
ikaingia bila hodi.
Bukini ikashika njia ya kusini. Haikugeuka.

"Na shimo?"

Shimo lilikula.
Mto baada ya mto ulilishusha tope la bara,
tope likaelemea, shimo likazidi kuzama,
likaomba tena.
Kilomita juu ya kilomita, chini ya nyayo zetu,
chini ya mifereji, chini ya makaburi,
milima ya watu wa mbali imelala humo ikiwa unga.
Juu yake, mwisho kabisa, matumbawe.
Na matumbawe ndiyo haya niliyoyapanga ukutani.

Nilinyamaza.
Wahenga walinionya nizibe ufa nisije nikajenga ukuta.
Hawakusema neno juu ya ufa uliojenga mji.

"Basi huu wangu," nikauliza, "ni mtoto wa ule?"
Akapitisha kidole, akakilamba.
"Munyu," akasema, akikijaribu Kiamu chetu.
"Ufa huu haumjui Bukini wala nani.
Boriti yako imeoza kule inakoegemea, ukuta unalala huko.
Kaangalie upande wa pili."

Upande wa pili ni kwa Famau.

Nilikata ukanda wa kioo cha dirisha,
nikaubandika juu ya ufa kwa matone mawili ya chokaa,
nikaandika tarehe kwa penseli.
Hivyo ndivyo mafundi tunavyoiuliza nyumba:
ikitulia, kioo kinadumu.
Kila alfajiri, kabla ya kutia udhu, nilikigusa.
Siku ya kumi na moja kilikuwa viwili,
na kati yake hata unywele usingepita.

Nikachukua mwiko na ndoo,
boriti mpya ya mkoko begani,
nikazunguka kichochoro nilichokikwepa miaka miwili.

Famau alifungua. Akaitazama boriti,
mimi hakunitazama.

"Ni ndefu," akasema.

"Tutaikata."